Masurufu ya Viongozi na Habari ya Sindano

  

 Leo tunakusudia kuzungumza juu ya jambo ambalo kila linapozuka katika nchi huwatia watu hasira kuliko mambo mengi yaliyo makubwa zaidi yake. Nalo ni masurufu ya viongozi: posho zao, kodi za nyumba zao, safari zao, na mishahara ya makarani na watumishi wanaolipwa kwa ajili yao kutoka katika mfuko wa umma. Tutalitazama jambo hili kwa njia ya tarikhi, kwani tarikhi humwonyesha mtu uso wake katika kioo cha wenzake, naye akaweza kuutazama bila ya kukasirika.

Amepokea Imam Muslim, kutoka kwa Sahaba Adiy bin Amira, kwamba Bwana Mtume (s.a.w.) alieleza kuwa yeyote anayepewa kazi ya umma, kisha akaficha katika kazi hiyo sindano au kilicho zaidi ya sindano, basi kitu hicho ni khiyana, naye atakuja nacho Siku ya Kiyama. Aliposikia hayo mtu mmoja katika Ansari alisimama palepale akaomba avuliwe kazi aliyokuwa amepewa. Hakuwa ameshitakiwa kwa lolote. Aliiogopa sindano tu.

Lakini haifai kuishika hadithi hii peke yake tukaiacha nyingine. Amepokea Abu Daud, kutoka kwa Mustawrid bin Shaddad, kwamba Mtume (s.a.w.) alimruhusu mtumishi wa umma asiye na mke aoe, asiye na mtumishi apate mtumishi, na asiye na nyumba apate nyumba, na atakayechukua zaidi ya hayo ni mwenye khiyana au ni mwizi. Tazameni vizuri, ndugu zetu. Nyumba na mtumishi, mambo mawili yanayogombaniwa hadi leo katika magazeti ya dunia, yametajwa katika hadithi hii kwa majina yake, na yamehalalishwa kwa mpaka wake. Dini yetu haikumtaka kiongozi alale na njaa, wala haikusema kuwa kumlipia karani wake ni dhambi. Imeweka mpaka, kisha ikaharimisha kilicho nje ya mpaka na kilichofichwa, hata kikiwa sindano.

Sasa twende Uingereza, kwani katika mwaka 2009 sindano hiyo ilionekana mjini London, ila ilikuwa na umbo la kizibo.

Bunge la nchi ile lilikuwa wakati huo na wabunge 646. Wengi wao walichaguliwa katika majimbo ya mbali na London, na kazi yao ikawalazimu kulala mjini siku kadhaa za juma. Ni haki mtu wa namna hiyo kusaidiwa mahali pa kulala, na tangu mwaka 1971 palikuwapo posho maalumu kwa ajili hiyo. Kwa miaka mingi hakuna aliyeikasirikia. Lakini serikali moja baada ya nyingine iliogopa kuwapandishia wabunge mishahara mbele ya macho ya wapiga kura. Ikawa rahisi zaidi kuiongeza posho kimyakimya na kulegeza masharti yake. Kufikia mwaka 2008 posho ya nyumba ya pili ilikuwa imefika kama pauni 24,000 kwa mwaka, juu ya mshahara wa kama pauni 63,000. Na hadi mwaka huohuo mbunge aliweza kudai kitu kisichozidi pauni 250 bila ya kuonyesha risiti yoyote. Hapo ndipo tunapoona mzizi wa jambo lote. Walioona haya kuomba nyongeza hadharani waliichukua faraghani, na baada ya muda wakajizoeza kuiona kuwa ni haki yao.

Sheria ya uhuru wa kupata habari ilianza kutumika nchini humo mwezi wa Januari 2005. Waandishi wa habari wakaitumia kuomba waonyeshwe hesabu za wabunge, na Bunge lililoipitisha sheria hiyo likakataa. Mwaka 2007 wabunge walipitisha hata mswada wa kulitoa Bunge lao katika sheria ile, nao ukafa kwa sababu hakupatikana mtu wa kuudhamini katika Baraza la Malodi. Mwezi wa Mei 2008 Mahakama Kuu ikaamua kwamba hesabu zitolewe. Maofisa wa Bunge walipokuwa wakizitayarisha, nakala kamili ikavuja, na tarehe 8 Mei 2009 gazeti la Daily Telegraph likaanza kuzichapa, siku baada ya siku.

Watu walisoma nini? Walisoma juu ya bwana mmoja mwenye shamba kubwa ambaye katika hesabu zake alizopeleka Bungeni mlikuwa na zaidi ya pauni 2,000 za kusafisha handaki la maji linalozunguka jumba lake. Walisoma juu ya mwingine aliyepeleka dai la pauni 1,645 kwa kijumba cha bata kinachoelea juu ya kidimbwi. Dai hilo halikulipwa, lakini jina la kile kijumba limebaki katika lugha yao hadi leo. Walisoma juu ya wabunge waliobadilisha kila mara nyumba iliyoandikwa kuwa ni ya pili, ili hii itengenezwe kwa fedha za umma, kisha na ile nayo itengenezwe. Na mapema mwaka huohuo ilikwisha tangazwa kuwa katika madai ya waziri mmoja mkubwa mlikuwamo kizibo cha beseni la kuogea, bei yake peni 88.

Peni 88! Nchi ambayo miezi michache nyuma ilikuwa imetoa mabilioni ya pauni kuyaokoa mabenki yasifilisike, ikashindwa kuvumilia peni 88. Wapo waliosema kuwa hasira hiyo ilikuwa ya kitoto, na kwamba watu wa kawaida hawajui kupima kubwa na dogo. Sisi hatukubaliani nao. Mtu wa kawaida hawezi kuyapima mabilioni, kwa kuwa hajapata kuyashika. Lakini kizibo anakijua, amekinunua mwenyewe dukani kwa mshahara wake, na hakuna aliyemrudishia fedha zake. Katika kizibo aliiona tabia ya mtu nzima. Naye aliyetuonya juu ya sindano, rehema na amani zimshukie, alikijua kipimo hicho kabla ya hapo kwa zaidi ya miaka elfu moja na mia tatu.

Tarehe 19 Mei 2009 Spika wa Bunge hilo, Michael Martin, alitangaza kujiuzulu, kwani alilaumiwa kwa kuzificha hesabu. Hakuna Spika aliyelazimishwa kuondoka katika kiti kile tangu Sir John Trevor, aliyefukuzwa kwa rushwa mwaka 1695. Mwezi uliofuata Bunge lilichapisha hesabu zake lenyewe, lakini sehemu nyingi zilikuwa zimepakwa wino mweusi, na anwani za nyumba zote zimefutwa. Lau si ile nakala iliyovuja, hila ya kubadilisha nyumba isingejulikana kabisa. Wino ule uliwakasirisha watu upya, pengine kuliko bata na handaki.

Yapasa pia tuwe waadilifu. Mtu aliyepewa kazi ya kuzikagua hesabu zile, Sir Thomas Legg, aliwataka wabunge na waliokuwa wabunge wapatao 390 warudishe fedha, jumla yake kupita pauni milioni moja. Wengi katika hao walidaiwa kiasi kidogo, na wako waliosema kwa haki kwamba walifuata kanuni kama walivyoelezwa na ofisi ya Bunge lenyewe. Kosa la hao halilingani na la David Chaytor, aliyedai kodi ya nyumba ambayo kumbe ilikuwa mali yake mwenyewe, akahukumiwa kifungo cha miezi 18 mwezi wa Januari 2011. Yeye na wenzake walijitetea kwanza kwa sheria ya mwaka 1689 inayomlinda mbunge kwa yale anayoyasema na kuyatenda katika kazi ya Bunge; Mahakama ya Juu ikawajibu kuwa kujaza karatasi ya madai si kazi ya Bunge. Na mwezi wa Oktoba 2010 wajumbe watatu wa Baraza la Malodi walisimamishwa kwa madai yao ya nyumba, na miongoni mwao walikuwamo Waislamu. Tunalitaja hilo kwa huzuni, ili asiwepo miongoni mwetu wa kudhani kwamba maradhi haya ni ya watu wa dini nyingine.

Limebaki suala la watumishi. Mbunge wa Uingereza hupewa fedha za kuajiri makarani wa kujibu barua na kuwasaidia watu wa jimbo lake: mjane aliyecheleweshewa malipo yake, mgeni anayeshughulikia karatasi za uhamiaji. Fedha hizo ni nyingi. Mwaka 2008 zilikuwa kama pauni 100,000 kwa kila mbunge, yaani kuzidi mshahara wake mwenyewe. Kila mwaka zinapotangazwa, wako wanaozijumlisha pamoja na mshahara wake kisha wakasema kuwa fulani amekula kiasi kadha wa kadha. Huo si uadilifu. Mshahara wa karani aliyefanya kazi ni jasho la karani, haukuingia mfukoni mwa mbunge. Lakini mbunge akimwandika mwanawe? Mwezi wa Januari 2008 Bunge lilimsimamisha Derek Conway kwa siku kumi na kumtaka arudishe zaidi ya pauni 13,000, kwa kuwa alimlipa mwanawe mshahara wa utumishi hali ya kuwa kijana huyo alikuwa mwanafunzi katika chuo kikuu cha mbali, na hakuna karatasi iliyoonyesha kazi aliyoifanya. Wazee wetu wangeuita mshahara huo hewa. Bunge lile sasa lina mamlaka huru ya kusimamia masurufu, iliyoanza kazi mwaka 2010, na tangu uchaguzi wa mwaka 2017 mbunge haruhusiwi tena kumwajiri upya jamaa yake kwa fedha hizo.

Suala la watoto wa viongozi si geni katika tarikhi yetu. Imam Malik ameeleza katika Muwatta kwamba wana wawili wa Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.), Abdullah na Ubaidullah, walitoka na jeshi kwenda Iraki. Walipokuwa wakirudi walipita kwa Abu Musa Al-Ash'ari, liwali wa Basra, aliyekuwa na fedha za kupeleka Madina. Akawakopesha wanunulie bidhaa, wauze Madina, watoe rasilimali kwa Khalifa na faida iwe yao. Kwa hesabu ya biashara hakuna aliyedhulumiwa: fedha zilifika, na njiani zilikuwa katika dhamana yao. Lakini Sayyidna Umar aliwauliza iwapo kila askari katika jeshi alikopeshwa kama wao. Wakasema la. Akaona basi kuwa walipewa kwa sababu ya baba yao, akawaamuru waitoe rasilimali na faida yote. Abdullah alinyamaza. Ubaidullah alihoji kwamba lau mali ingepotea wangeilipa wao. Mwisho mmoja katika waliohudhuria alishauri ihesabiwe kuwa ni mali ya ushirika, na Khalifa akachukua rasilimali na nusu ya faida. Hivi ndivyo baba alivyowatendea wanawe, na wale hawakuwa wameiba chochote.

Wala hakuwasaza maliwali wake. Alikuwa akiandika mali ya mtu kabla ya kumpa kazi, na akirudi na zaidi isiyo na maelezo humgawanya nusu kwa nusu na Baitul-mali. Alimtuma Muhammad bin Maslama mpaka Misri kwa Amr bin Al-As kwa kazi hiyo. Abu Huraira (r.a.) aliporudi kutoka Bahrein aliulizwa juu ya mali yake, akaeleza kuwa ni farasi waliozaana na zawadi zilizofuatana; hata hivyo fedha zile zilichukuliwa, na baadaye alipotakiwa arejee kazini alikataa. Hatuna shaka hata kidogo juu ya uaminifu wa Abu Huraira. Tunachojifunza ni kwamba hesabu kali humuumiza hata mwema, na hilo Sayyidna Umar alilijua; akaona maumivu ya mwema mmoja ni mepesi kuliko umma mzima kuwatilia shaka viongozi wake. Kisa cha Umar bin Abdulaziz na taa yake wanakijua hata watoto wa chuoni, kwa hiyo hatutakirudia.

Je, kwetu? Neno letu posho hapo kale lilikuwa ni chakula cha mpagazi au askari, kipimo cha unga wa siku, si zaidi. Sasa limepanda cheo. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wapatao 400 waliandamana mjini Dar es Salaam mpaka Ikulu wakipinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo yangewakata asilimia 40 ya malipo yao kwa muda, na wakalalamika kuwa viongozi wenyewe wanalipwa sana. Rais Nyerere aliwakasirikia na kuwafukuza chuoni. Lakini lile la mishahara aliwakubalia, na siku ileile akatangaza kuupunguza wake kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, Februari 1967, Azimio la Arusha likawakataza viongozi kuwa na mishahara miwili na kupangisha nyumba. Masharti hayo yalilegezwa mwaka 1991. Tunaona ni jambo adimu kiongozi kuwaadhibu waliomlaumu na papo hapo kuikubali lawama yao.

Nairobi nako, mwaka 2013, Tume ya Mishahara iliamua kuwa mshahara wa mbunge ushuke kutoka shilingi 851,000 kwa mwezi hadi 532,500. Wabunge wapya hawakuwa hata na miezi mitatu kazini walipoanza kudai kile kiwango cha zamani. Tarehe 14 Mei waandamanaji waliwaachia nguruwe mbele ya lango la Bunge. Sisi tusingechagua mnyama huyo, wala kumtukana mtu si katika mwendo wetu; lakini aliyetazama picha zile hakuhitaji mfasiri. Suluhu ilipatikana mwezi wa Juni: mshahara ukabaki 532,500, nao wakapewa ruzuku ya shilingi milioni tano ya kununulia gari. Yaani kilichokataliwa kupitia mlango wa mshahara kiliingia kupitia mlango wa masurufu, kama kilivyoingia London tangu mwaka 1971.

Nasi tunaosikiliza haya tukitikisa vichwa, tunayo mali ya umma mikononi mwetu. Misikiti yetu ina wakfu: nyumba, maduka, minazi. Madrasa zetu zina ada. Ni mara ngapi katika mwaka mweka hazina husimama baada ya sala akasoma kilichoingia na kilichotoka, pamoja na nauli na vyakula vya wageni? Na akisimama, ni wangapi kati yetu hubaki kumsikiliza, badala ya kukimbilia viatu? Hesabu isiyosikilizwa haitofautiani sana na iliyopakwa wino.

Tumalizie kwa Sayyidna Abubakar (r.a.), kwa sababu yeye ndiye wa kwanza katika umma huu kulipwa mshahara wa ukhalifa. Ameeleza Ibn Saad kwamba baada ya kupewa baia alitoka asubuhi na nguo begani kwenda kuuza sokoni kama kawaida yake. Sayyidna Umar na Abu Ubaida walikutana naye wakamuuliza aendako, ilhali amekwisha beba mambo ya Waislamu. Akawauliza naye, basi watu wa nyumbani kwake atawalisha nini? Wakakubaliana apewe posho katika Baitul-mali: nusu ya kondoo kwa siku, na nguo za kuvaa. Jambo lilizungumzwa wazi, likapimwa, likajulikana na watu.

Mwaka wa 13 wa Hijra, ukiwa ni mwaka 634, alipokuwa katika maradhi ya kufa, alimwusia binti yake Bibi Aisha atazame kilichozidi katika mali yake tangu aliposhika ukhalifa, akipeleke kwa atakayemfuata. Vikaonekana mtumwa mmoja aliyekuwa akiwalea watoto, ngamia wa kunyweshea bustani, na kipande cha nguo chenye thamani ya dirhamu tano. Vilipoletwa kwake Sayyidna Umar alilia, akasema kwamba Abubakar amewachosha watakaokuja baada yake. Abdurrahman bin Auf alikuwapo, akaona ni vizito kuwanyang'anya watoto wa Abubakar vitu kama hivyo, akashauri warudishiwe. Sayyidna Umar akakataa kwa kiapo: haiwezekani Abubakar aondokane navyo wakati wa kufa, kisha yeye Umar avirejeshe kwa watu wake. Vikaingizwa katika Baitul-mali, pamoja na kile kipande cha nguo.